Gunia la Makala na Gauni Jeupe

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona yote. Naona baraza la Fundi Sadiki, mshonaji, pale sokoni Baraka. Naona meza yake, na juu ya meza gauni jeupe la harusi lenye tundu kifuani, tundu dogo la kuingiza ncha ya kidole. Naona watu wamejaa mpaka njiani, kila mmoja anasema lake. Na katikati yao namuona shangazi yangu Apolina, mchoma makala, makaa ya miti, ameinama juu ya pasi, anachokora majivu.

Nitafika huko. Lakini nianze na wewe, Asende, maana ni wewe uliyenifanya nikumbuke.

Juzi ulishuka na makala kutoka kule juu Mutambala, ukayamwaga uani, ukawa unajaza magunia pamoja na rafiki yako. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Ulidhani nimesinzia. Mwanangu, magoti ndiyo yamenikataa, masikio yangu bado ni mazima! Nilikuona ukiweka vumbi katikati ya gunia, na juu ya vumbi makala ya ule mti wa mtoni, na juu kabisa vipande virefu vizuri vya kupendeza macho. Rafiki yako akauliza kama koko, ndiyo mimi bibi yako, hatakasirika. Wewe ukacheka, ukamwambia: “Gunia ikishafika Kazimia, nani atajua ni yetu?” Kisha ukafunga midomo ya magunia kwa kilemba changu.

Hapo ndipo moyo uliniuma. Vumbi ni vumbi tu, lakini kilemba kile si changu peke yangu.

Labda hujawahi kuambiwa vizuri. Gunia la makala halishonwi kama gunia la mchele. Linajazwa mpaka linapita mdomo, kisha unalifunika kwa majani makavu na kulisuka kwa kamba, huku na huku, mpaka linakuwa kama mama aliyejifunga kitambaa kichwani. Sisi tunaita kilemba. Na zamani, wakati nchi bado ni Zaïre, kila nyumba ya wachomaji ilikuwa na msuko wake. Mtu alipita sokoni akiangalia vichwa vya magunia tu, akajua hili limetoka kwa nani. Shangazi alisuka kamba mbili kwa pamoja, zikutane katikati, halafu fundo moja pembeni, upande wa kushoto. Ndicho hicho ulichofunga juzi juu ya vumbi.

Mimi nililelewa na Shangazi Apolina baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye mikono mipana, na kila Jumapili misa ya kwanza alikuwa benchi ya mbele na kucha zake nyeusi. Watu walimcheka kwa kucha zile. Yeye aliwajibu kwamba Mungu mwenyewe amezizoea.

Alinifundisha kazi yote. Miti minene chini, myembamba juu, iwe imekauka kidogo, isiwe mibichi. Majani mabichi juu yake, kisha udongo, usiache mahali pa kupumua ila pale ulipotoboa wewe mwenyewe. Moto unaingia upande wa upepo. Halafu unakaa na tanuru yako kama unakaa na mgonjwa. Moshi mweupe mzito maana yake ni maji yanatoka. Ukiwa wa buluu na mwembamba, yameiva, ziba matundu yote upesi. Shangazi alijua kwa pua. Angekuwa anamenya muhogo, anainua kichwa, anasema, “We Vumilia, enda ziba ile ya nyuma, inakula makala yetu.” Nikienda, nakuta kweli, udongo umepasuka na tanuru inajiunguza.

Wakati ule tulikuwa tunaishi katika nyumba ya nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimechoka. Mvua ikinyesha, sisi tunahamisha mkeka kutoka pembe hii kwenda pembe ile, mabeseni yamepangwa sakafuni, tang, tang, tang. Nilichukia sauti ile kuliko njaa. Msimu huo Shangazi alikuwa na tanuru kubwa mlimani, kubwa kuliko zote alizowahi kupanga, na alikuwa ameniahidi: ile ndiyo ya mabati. Mabati yenyewe nilishakwenda kuyaona dukani. Niliyagusa! Nilirudi nikiwaambia wasichana wenzangu kwamba mvua ijayo itanikuta ndani ya nyumba inayong'aa.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi.

Ilikuwa siku moja kabla ya harusi ya Mariamu, binti wa Papa Ramazani, mwenye maboti yaliyokuwa yanapeleka samaki na abiria huku na huku ziwani. Kitambaa cha gauni kilikuwa kimevuka ziwa kutoka Kigoma. Fundi Sadiki alikuwa kijana bado, mgeni kidogo, ametoka Nundu na mashine moja ya kushonea aliyoachiwa na baba yake. Kupewa gauni lile ilikuwa heshima kwake. Alilishona vizuri, jamani, likakaa kama maji. Kisha akawasha pasi yake, ile ya chuma yenye kifuniko na makala ndani, ili alinyooshe mara ya mwisho. Makala yakapasuka. Cheche ikaruka kupitia tundu la pasi, ikatua kifuani mwa gauni.

Mimi na Shangazi tulikuwa tunaingia sokoni na mizigo yetu kichwani tukasikia kelele. Tukasogea.

“Angalia!” Papa Ramazani alikuwa anasema. “Angalia vile umefanyia mutoto wangu! Kesho batu banakuja toka Kazimia, toka Uvira, banakuja kuona kitundu?”

Sadiki alikuwa amesimama mikono nyuma. “Papa, mi nilisafisha pasi, nilitoa majivu yote. Ni moto ndiyo iliruka yenyewe.”

“Moto inarukaka yenyewe? Iko na miguu?”

Watu wakacheka. Watu wa soko wanacheka upesi, unawajua. Papa Ramazani akageuka kwa vijana wake waliokuja naye, akawaonyesha mashine ya kushonea.

“Hii inabaki kwangu. Beba.”

Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu kila mmoja alielewa. Fundi bila mashine anakula nini? Sadiki hakubishana. Aliweka tu mkono juu ya mashine, hivi, kama mtu anayemshika mtoto wake kichwani.

Shangazi akatua mzigo wake chini. Akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye pasi. Alifungua kifuniko, akachukua kijiti, akaanza kuchokora majivu polepole. Nilimfuata. Nikaona alichokiona. Katikati ya majivu kulikuwa na vipande vyembamba vyembamba, vimebanduka kama magamba ya samaki.

Mti mmoja tu unapasuka namna ile, mwanangu. Ni ule wa mtoni, ule ule uliouweka ndani ya magunia juzi. Una utomvu unaojificha hata baada ya kuchomwa, na ukipata moto tena unatoa cheche. Shangazi aliuita mti wa makelele. Na mimi nilikuwepo siku mvua ilipotushtua mlimani, juu ya tanuru iliyotangulia ile kubwa kukiwa bado na nafasi, na Shangazi akasema tujaze kwa miti ya mtoni iliyokuwa karibu, tutaichambua baada ya kuopoa. Tuliichambua. Sasa nikajua hatukuimaliza.

Gunia alilonunua Sadiki lilikuwa letu. Lakini lilikuwa limeshafunguliwa zamani, kilemba chake kimeshakuwa cha kuwashia moto. Hakuna aliyejua. Hata Sadiki mwenyewe hakufikiria makala. Alidhani ni bahati mbaya yake.

Nilimvuta Shangazi nguo. “Shangazi, tuende. Hakuna muntu anajua.”

Hakuinua hata kichwa. “Mi najua. Na we unajua. Tuko babili tayari.”

“Na mabati?” nikasema. Mungu anisamehe, ndilo neno lililonitoka.

Sasa akaniangalia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kwa sauti ya chini, yangu peke yangu: “Vumilia, nitalala chini ya hayo mabati namna gani? Mvua ikipiga juu, mi nitakuwa nasikia mashine ya Sadiki. Usinifunze kunyamaza, mwanangu. Kunyamaza najua tangu zamani, haihitaji shule.”

Kisha akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mtu anayeuza:

“Papa Ramazani, acha ule fundi. Ni makala yangu njo ilitoboa gauni.”

Mama mmoja wa dagaa pembeni aliacha kuita wateja.

Shangazi akaeleza yote, mvua, tanuru, mti wa mtoni. Akachukua gamba moja kutoka kwenye pasi, akaliweka kwenye kiganja cha Papa Ramazani, akamwambia aangalie mwenyewe. “Pasi haina kosa. Fundi haina kosa. Mi niliuza makala ya kupasuka na sikumwambia.”

“Mama,” Papa Ramazani akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, “unasikia vile unasema? Mbele ya soko yote? Kesho nani atanunua kwako?”

“Ya kesho nitaona kesho. Mashine irudi kwa mwenyewe.”

“Na gauni ya mutoto wangu?”

“Niko na tanuru moja Mutambala, kubwa, iko karibu kuiva. Tuma vijana yako bachukue yote.”

Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la soko nikalia. Nisikudanganye kwamba nililia kwa sababu ya wema wa Shangazi. Nililia mabati yangu.

Na usifikiri Papa Ramazani aliguswa moyo akakataa. Hapana, alikuwa mfanyabiashara. Alichukua tanuru yote, mpaka vumbi. Lakini mashine aliiachia, na mbele ya watu wale wale akamwambia Sadiki, “Nimekosea kwako.” Kwa mtu wa heshima yake, hilo nalo si dogo.

Aliyeokoa gauni ni Mariamu mwenyewe. Kumbe muda wote alikuwa ndani ya chumba cha fundi, nyuma ya pazia, analia. Akatoka macho yamevimba, akaangalia tundu, akauliza, “Fundi, huwezi kushona ua hapa?” Vitambaa vilivyobaki vilikuwepo. Sadiki akakata, akakunja, akashona ua juu ya tundu, na ili lisionekane limekaa peke yake akashona mengine yakashuka mpaka kiunoni. Shangazi akakaa kwenye kizingiti cha baraza, akaagiza gunia lake jingine lifunguliwe, akawa anachagua kipande kimoja kimoja cha kuweka kwenye pasi. Alikuwa anagonga kipande kwa kipande karibu na sikio. Kikilia kama chungu kizuri anaweka, kikilia kama tumbo la mgonjwa anatupa. Gauni likanyooshwa, likaisha. Na wewe cheka tu: mwaka ule kila binti wa Baraka aliyeolewa alidai maua kifuani. Hawakujua yametoka wapi!

Lakini sisi hatukucheka. Mvua ilikuja na mabeseni yakarudi mahali pake, tang, tang. Nilikuwa namjibu Shangazi kwa neno moja moja. Na sokoni ilikuwa kama Papa Ramazani alivyosema. Bamama walikuwa wanapita mbele ya magunia yetu wanauliza, “Mama Apolina, ya leo inalala ao inacheza?” Wanacheka, wanakwenda kununua kwa jirani. Na jirani, nakuapia, alichoma mti wa makelele kuliko sisi, ila yeye alinyamaza.

Aliyenunua kwanza alikuwa mhunzi, yule aliyekuwa anafua majembe karibu na njia ya Fizi. Shangazi akamwambia, “Ndani iko na ya kupasuka.” Mhunzi akacheka, akasema kwake cheche zinaruka mchana kutwa, moja zaidi itamfanya nini? Yeye anataka joto tu. Akachukua yote.

Ile siku Shangazi alirudi nyumbani ametulia sana. Akakaa, akaniambia: “Vumilia, sisi ni bajinga. Tunachanganya miti yote, halafu tunashangaa.” Tangu hapo tukaanza kuchoma kila mti na tanuru yake. Ule wa mtoni tukaupeleka kwa wahunzi, kwa bei ya chini, na tukausema jina lake waziwazi. Mti mgumu wa mlimani, unaokaa motoni polepole, tukawapa bamama wa mbabula, jiko la makala, wa kupika sombe ya majani ya muhogo na maharage. Vumbi hatukulitupa wala hatukulificha. Tulilikanda na udongo wa mfinyanzi, tukafinyanga matonge, tukayakausha juani, wakanunua wale wanaochemsha maharage ya kuuza tangu alfajiri. Na kuna mti mmoja mpole, mwepesi, makala yake hayapasuki wala hayatoi moshi. Huo tukauchoma peke yake, tukauvunja vipande vidogo, tukauchekecha kwenye ungo usibaki na vumbi la kuchafua nguo. Hayo yalikuwa makala ya pasi. Baraka nzima hakuna aliyekuwa anayauza hivyo.

Lakini yalikaa. Tuliyapanga sokoni, yakakaa. Mpaka asubuhi moja Fundi Sadiki akaja na kikapu chake kitupu, akasimama mbele yetu, akasema jaza. Fundi mwenzake akamuuliza kwa sauti, wote tusikie, kama amesahau gauni la Mariamu. Sadiki akamwambia:

“Sijasahau. Huyu mama, makala yake ikiwa mubaya, yeye mwenyewe anakuambia. We unajua mwingine wa hivyo?”

Yule fundi akajikuna kichwa, mwishowe akaomba kikapu kidogo cha kujaribu. Kutoka hapo mafundi wa Nundu wakaagiza, wa Kazimia wakaagiza, hata kule Lulimba kwenye dhahabu wauza nguo walituma watu. Walikuwa hawatuulizi chochote. Waliangalia kilemba, kamba mbili na fundo kushoto, wakalipa. Mabati yalichelewa, lakini yalikuja. Ndiyo haya yaliyoanza kushika kutu juu ya kichwa changu na chako.

Basi Shangazi akazeeka, akafa, wewe hujazaliwa bado. Tulipokuwa tumemlaza ndani, Fundi Sadiki akafika na kofia yake mkononi, mzee sasa, Mwislamu kwenye msiba wa Wakatoliki. Hakuniuliza kitu. Aliniomba tu kitambaa cheupe na vipimo vya Shangazi. Alimshonea gauni la kuzikwa kwa mashine ile ile ambayo ingebebwa siku ile, na akaniomba makala ya pasi yaliyobaki katika gunia la mwisho la Shangazi. Nilimtazama akinyoosha. Moto ulikuwa kimya kabisa. Gauni likatoka jeupe, halina hata alama moja, na shangazi yangu wa kucha nyeusi akaingia ndani yake kama bibi harusi. Hapo nililia, na safari hii sikuwa nalilia bati.

Sasa nikuambie ninachotaka, mwanangu, nisikuache ukikisia. Choma makala, ni kazi halali, imetulisha sote. Lakini choma kila mti peke yake, na panda mwingine pale ulipokata, maana kule Mutambala mlima umeanza kuwa kipara kama mimi. Vumbi liuze kama vumbi. Mti wa makelele mpelekee mhunzi, umwambie ni wa makelele. Ukikosea, na utakosea, sema wewe kabla hujaulizwa. Itakugharimu. Sikufichi, itakugharimu kitu unachokipenda sana, na watu watakucheka. Wewe sema tu. Uliuliza nani atajua kule Kazimia. Wewe utajua. Na sasa mimi najua. Tuko babili tayari.

Leo asubuhi, ulipokuwa umelala, nilitoka uani na haya magoti yangu, nikafungua vilemba vyote ulivyofunga. Kamba ziko pale juu ya mawe, na magunia yako wazi. Boti ya Kazimia haijaondoka, lakini hata ikiondoka, itakuja nyingine. Mwaga, chambua, tenganisha. Ukimaliza niite, nitakaa na wewe, nikuonyeshe tena vile kamba mbili zinakutana katikati, maana juzi fundo ulilifunga kulia.

Mungu akupe mikono isiyoogopa masizi, Asende, na mdomo usioogopa soko. Akupe moto mtulivu nyumbani mwako, na siku yako ya mwisho akupe mtu wa kuja bila kuitwa, akunyooshee nguo yako nyeupe.